Ukuta Niliokula

Mvua ya kwanza ikigonga vumbi hapa mtaa wa Rhonda, Nakuru, mate bado hunijaa mdomoni. Wenzangu wakisikia harufu ile hukimbilia kuanua nguo. Mimi husimama mlangoni nimeshika fremu, nikimeza mate na kungoja hamu inipite. Siku hizi hupita. Naanza na jambo hili kwa sababu ndilo nililoficha kuliko yote, na kama kuna mama anayesoma haya huku ana kipande cha udongo ndani ya leso, ajue mapema kwamba anayeongea naye ni mwenzake.

Mimi ni fundi wa nguo. Nimewashonea watu wa mtaa huu sare za shule, mapazia na magauni ya harusi tangu Edna, binti yangu wa pekee, akiwa mgongoni. Ploti yetu aliinunua marehemu mume wangu wakati huku kulikuwa bado na mahindi katikati ya nyumba. Alichimba kisima kwa mikono yake, akajenga nyumba ya mawe mbele, nami nikajijengea jiko la fito na udongo nyuma, kwa sababu githeri, yale mahindi na maharagwe, ikipikwa kwa kuni haina mpinzani.

Ng'ambo ya ua wetu wa nyuma palikuwa na yadi ya betri. Vijana walikuwa wakipasua betri kuukuu za magari, wanamwaga maji yake hapohapo chini, kisha wanayeyusha vile vyuma vya ndani ili viuzwe. Moshi ulituwasha macho, tukazoea. Baadaye mwenye yadi akahama, mabati yakang'olewa, pakabaki uwanja mtupu ambapo hata magugu yaliota kwa kuchagua. Tulidhani mambo yamekwisha, maana moshi haukuwepo tena.

Kila Desemba, kabla ya Krismasi, nilikandika jiko upya. Hiyo ni kazi ya wanawake, na kwetu Kisii nilikotoka ukuta wenye nyufa ni aibu ya mwenye nyumba. Lakini udongo wa Nakuru ni mwepesi kama unga. Ukikandika leo, kesho umepasuka. Ule wa karibu na yadi ulikuwa mweusi, mzito, unashika vizuri, kwa hiyo nilichimba huko kila mwaka. Kuta zangu zilikuwa laini mpaka wageni walizipapasa. Mwaka mmoja tu, Edna alipokuwa na mimba na amerudi kukaa kwangu, nilirudia pembe ya chini ya dirisha la nyuma mara mbili, kwa sababu ilikuwa inachimbikachimbika. Nililaumu kuku, nikawachinja wawili.

Moraa, mtoto wa mimba ile, alibaki nami mama yake alipopata kazi kwenye mashamba ya maua Naivasha. Alikuwa anaanza kusema vizuri wakati mwili wangu ulipoanza kunichezea. Nilichoka bila kufanya kazi. Nikipanda kilima cha kutoka sokoni nilisimama kila mara kujifanya nasalimia watu. Na hapo ndipo hamu ilipokuja.

Mwanamke mjamzito kutafuna udongo si habari kwetu. Vile vijiwe laini huuzwa sokoni karibu na nyanya, na hakuna anayekuuliza. Lakini mimi nilikuwa bibi mwenye mjukuu. Nilivinunua nikisema ni vya binti yangu, nikavitafuna nikiwa peke yangu kwenye cherehani, na baada ya muda vikawa havinitoshi. Alasiri moja mvua ilipiga ukuta wa nyuma wa jiko, harufu ikanivuta kutoka ndani kama mtu aliyeitwa jina lake. Nilibandua kipande kwa kucha nikakiweka kwenye ulimi. Kilikuwa na utamu kidogo, utamu ambao vijiwe vya sokoni havina. Tangu siku hiyo sikununua tena.

Nimejiuliza sana kwa nini sikumwambia mtu. Jibu ni kwamba niliona haya. Mtu akikukuta unakunywa pombe atakugombeza, lakini akikukuta unakula nyumba yako atakuangalia kwa namna nyingine. Nilikuwa nasubiri Moraa alale mchana, ndipo nizunguke nyuma ya jiko. Kanisani niliimba sauti ya pili na wenzangu huku nikiwaza ukuta wangu.

Tumbo likaanza kunisokota. Choo kikafunga. Nilitibiwa vidonda vya tumbo, nikatibiwa taifodi, nikapewa vidonge vya kuongeza damu ambavyo havikuongeza kitu. Mdomo ulikuwa na ladha ya sarafu. Nikakonda mpaka nikalazimika kupunguza magauni yangu mwenyewe, na mtaani watu wakaanza kunisalimia kwa upole ule wanaowapa watu wenye ugonjwa usiotajwa. Kisha asubuhi moja, nikikata kitambaa cha sare, mkasi ulianguka. Niliuokota ukaanguka tena. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia kwenye kifundo kama soksi iliyoloa, na nilipouamuru unyanyuke haukunyanyuka.

Hapo nilimpigia Edna nikalia. Fundi asiye na mkono ni nani?

Hospitali kubwa ya mjini ina benchi za mbao ambazo nazijua kama viti vyangu. Ukifika alfajiri unakaa benchi la mwisho, halafu mnasogea pamoja, makalio kwa makalio, mpaka mlango wa daktari. Hakuna mahali nilipowahi kukaa karibu hivyo na watu nikawa mpweke hivyo. Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa wake: sukari, presha, figo. Mimi nikiulizwa, nilisema, "Mkono."

Daktari tuliyempata alikuwa mwanamke kijana, asiye na haraka. Alinitazama ufizi kwa tochi, akakuta mstari wa buluu chini ya meno. Akauliza naishi wapi na jirani zangu ni nani. Nilipotaja ile yadi ya zamani aliweka kalamu chini. Akamwomba Edna ampeleke Moraa akatolewe damu, na mlango ulipofungwa akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mama, unatafuna mawe?"

"Mimi? Na umri huu?"

"Sijakuuliza umri."

Nilitazama dirisha. Nje kulikuwa na mtu anafagia majani ya mjakaranda, nami nikamtazama mpaka akamaliza upande wake. Kisha nikasema ni ukuta. Hakucheka, wala hakushtuka. Alisema mwili ukipungukiwa na damu huomba udongo, na udongo ule ulikuwa na madini ya risasi, yale ya ndani ya betri, ambayo nayo hula damu. Kwa hiyo kadiri nilivyokula ndivyo nilivyotamani. Aliniambia sikuwa mwendawazimu wala sikurogwa. Nilimwomba asimwambie binti yangu, akasema hilo ni langu la kusema.

Damu zetu zilipelekwa Nairobi. Tulisubiri majibu msimu wote wa mvua ndogo. Yalipokuja, yangu yalikuwa mabaya sana, na ya Moraa yalikuwa mabaya kwa mtoto. Yeye hakuhitaji dawa zangu, ila alitakiwa kutoka pale mara moja, apewe chakula kizuri, asirudi mpaka udongo uondolewe. Watu wa afya ya mazingira wakaja na kifaa chao, wakapima ua, bustani, jiko na kisima. Kisima kilifunikwa kwa bamba la zege siku iyo hiyo. Nililiangalia lile bamba nikamkumbuka mume wangu akitoka shimoni na matope hadi kwenye kope, anacheka, anasema sasa sisi ni matajiri.

Edna alikusanya nguo za Moraa, akaziloweka na kuzifua kabla ya kuzifunga. Nilimsikia mtoto akimuuliza mbona shosho, bibi yake, haendi pia. Edna akaendelea kufunga mzigo. Alikuwa hanitazami usoni, na mimi nilijua ananichukia kwa kukaa na mtoto wake mahali pale. Jambo la ukuta alikuwa bado halijui. Nikawaza, akilijua je? Nilisimama langoni mpaka walipopinda kona, mkono wangu ukining'inia, nisiweze hata kuupunga.

Dawa ilikuwa vidonge vinavyonuka mayai viza. Harufu ilitoka kwenye pumzi, kwenye jasho, hata kwenye mkojo. Unakunywa kwa majuma kadhaa, unapumzishwa, unapimwa. Nilifurahi risasi ya kwenye damu iliposhuka mara ya kwanza, kisha nilipopumzishwa ikapanda tena. Daktari alisema ni ya kwenye mifupa inayotoka polepole. Wewe unayeanza, usikate tamaa hapo. Mimi nilikata. Mvua za Aprili zilipoanza, nilitoka na vidonge vile tumboni nikabandua kipande cha ukuta nikala, huku nalia. Niliporudi kliniki nilimwambia daktari kabla hajapima. Aliniongezea dawa ya damu, akaniambia wengi hurudia, na kwamba ukuta ule lazima uondoke kabla ya mimi kujaribiwa tena.

Baridi ya Julai ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Wamama wa kanisa walikuja mara ya kwanza na maombi na mkate. Chai yangu hawakuigusa. Neno sumu linatisha. Watu hudhani unaweza kuwapa kwa kikombe. Wenye ploti za kupangisha walikuwa na hofu yao nyingine, kwamba wapangaji wakisikia habari za udongo watahama. Jirani mmoja, tuliyepeana chumvi miaka yote, alinisimamisha njiani akasema, "Mama Edna, umetuharibia mtaa." Sikuwa na nguvu ya kumjibu kwamba mtaa uliharibiwa kabla, mimi nimeugua tu. Nilikwenda nyumbani nikafunga mlango. Jumapili Edna alipiga simu kama kawaida, akaniuliza kama nimekunywa dawa, akampa Moraa simu haraka kama inamchoma. Moraa alinisimulia habari za paka. Nilikaa siku nzima na yule paka.

Kulikuwa na rehema pia, nisiwe mtu wa kulalamika tu. Bi Hansa, mwenye duka la vitambaa mjini ninakonunua tangu enzi za mama mkwe wake, alisikia mkono umeniangusha akaniita dukani. Alinikalisha nyuma ya kaunta, akaniwekea mbele sinia la unga wa chapati na maji.

"Kanda," alisema. "Mimi mwenyewe kiharusi kilinipiga upande huu. Wewe kanda tu, hata ikitoka mbaya nitakula."

Nilikanda kwa kiganja kisichosikia, unga ukaruka mpaka kwenye mafungu ya satini. Zile chapati zilikuwa na umbo la ramani, na alizila kweli, na achari, mbele yangu. Alikuwa mtu wa kwanza kula kitu kilichotoka mkononi mwangu tangu habari ienee. Nilienda kwake kila nilipotoka kliniki, na kabla ya mwaka kuisha niliweza kuinua kiganja nikashika sinia.

Watu huniuliza kwa nini sikuhama. Ningehamia wapi? Na ploti ningemuuzia nani bila kumwambia? Nilibaki, nikajifunza kuishi. Siku ya kubomoa jiko walikuja vijana wamevaa barakoa, wakalilowesha kwanza vumbi lisiruke, wakaliondoa na udongo wa chini yake na wa kando ya ua, wakaenda nao mbali. Nilitazama kutoka dirishani. Naona haya kusema, lakini nililililia kama mtu. Palepale wakamwaga zege. Mahali pengine pakaletwa udongo safi, nikapanda nyasi, kwa sababu ardhi iliyofunikwa haitoi vumbi.

Viatu vya nje haviingii ndani. Sifagii makavu tena. Napangusa kwa kitambaa kibichi. Maji ni ya mfereji. Sukuma wiki ziko kwenye magunia yenye udongo ulioletwa kutoka shamba la watu wa kanisa kule Njoro, mbali na yadi yoyote. Mikono huoshwa kabla ya kitu chochote kwenda mdomoni, na nguo nilizolimia hufuliwa peke yake. Mwanzoni nilifanya hivyo kwa hofu. Siku hizi nafanya kama mtu anavyosalimia, bila kufikiri.

Kitu kimoja kilikuwa kimebaki. Nilitaka Moraa arudi, walau likizo. Risasi katika damu yake ilikuwa imeshuka vizuri, daktari ameridhika na ua, sasa ilikuwa juu ya Edna. Na mimi singeweza kumwomba mtoto huku nimeficha ukuta. Hamu ile ingerudi siku moja, na mtoto huiga; mama yake alistahili kujua anamwacha na nani. Nilijua pia kwamba nikisema, huenda Edna angemshika mkono mtoto na nisimwone tena mpaka awe mkubwa.

Walikuja likizo ya Agosti mwaka uliofuata, Edna kuangalia mahali kwanza. Moraa alikuwa ameota meno mapya na miguu mirefu. Alisimama langoni, ameshika viatu vyake mkononi kama mtu anayetaka kuvuka mto, akatazama chini.

"Shosho, nikanyage wapi?"

Mtoto huyu alitambaa kwenye ua huu. Nilimwambia avae viatu, apite popote kwenye nyasi, avivue mlangoni. Alifanya hivyo, akaenda kuosha mikono kabla sijamwambia. Tulikula. Edna alikagua jiko jipya la gesi, akakagua bomba. Kisha nikampa Moraa sindano na uzi anitungie, kwa sababu hilo vidole vyangu vilikuwa bado havijaliweza, nikamwambia Edna twende nyuma.

Tulisimama kwenye zege, mahali jiko lilipokuwa.

"Edna," nikasema, "mimi sikuugua kwa vumbi tu. Nilikuwa nakula ukuta."

Alinitazama.

"Nilikuwa nabandua na kula. Karibu kila siku. Hata nikiwa kwa dawa, nilirudia mara moja. Nimekuambia ili ujue, kabla hujaamua habari ya mtoto."

Nilikuwa nimejiandaa kusikia akimwita Moraa waondoke. Nilikuwa hata nimefikiria chakula cha kuwafungia cha njiani.

"Upande gani?" akauliza.

"Nini?"

"Ukuta. Ulikuwa unakula upande gani?"

"Huu wa nyuma. Wa kuelekea yadi."

Alitembea polepole juu ya zege mpaka mahali pembe ilipokuwa, akachuchumaa, akanyoosha mkono hewani, mahali ambapo lile dirisha lingekuwa juu ya kichwa chake.

"Ni hapa ilikuwa tamu zaidi," akasema. "Mvua ikishanyesha."

Nilikumbuka ile pembe niliyoikandika mara mbili.

"Nikiwa na mimba ya Moraa," akasema, bado amechuchumaa, amenipa mgongo. "Ukienda soko nakuja hapa. Vile daktari alisema damu ya mtoto iko na hiyo kitu, mimi sijawahi lala vizuri, Mama. Nilikuwa naogopa kukuangalia. Nilijua ukijua ni mimi nilimpatia akiwa tumboni, hutawahi nisamehe."

Miaka yote hiyo nilidhani ule ukimya wa simu ni hukumu yangu. Tulikuwa tumekula ukuta mmoja, kila mtu akimficha mwenzake, na tukauguzana bila kuambiana. Nilitaka kumwambia kwamba daktari alisema mwili ndio unaoomba, kwamba hakujua, kwamba hakuna mtu aliyetuambia udongo ule una nini. Yote hayo nilimwambia baadaye. Pale nilipata neno moja tu.

"Kuku," nikasema. "Nilichinja kuku wawili."

Edna aligeuka, uso umelowa machozi, akaanza kucheka. Nilimwinua kwa mkono wangu wa kulia. Haukuwa na nguvu nyingi, lakini ulimwinua.

"Shosho, uzi umeingia," Moraa akaita kutoka ndani. Tukasikia miguu yake inakuja kwenye sakafu, kisha ikasimama mlangoni.

"Vaa viatu," Edna akamjibu, akijipangusa macho na leso yangu. "Halafu ukuje ulete na bagi yako, Shosho akuonyeshe mahali utalala."